Richard Hamming: Mtu Aliyeifundisha Mashine Kujisahihisha

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri, safari hii tunawaletea habari za marehemu Profesa Richard Wesley Hamming, mwanahisabati wa Marekani. Huenda wengi wetu hatukulisikia jina lake tulipokuwa darasani. Lakini mtu apigapo simu ya mkononi au atazamapo televisheni ya dijitali, anatumia matunda ya mawazo ambayo Hamming alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Kwa kifupi, alionyesha namna ujumbe unavyoweza kuharibika njiani na bado ukafika ukiwa sahihi, bila mpokeaji kuomba urudiwe.

KUZALIWA NA ELIMU YAKE

Hamming alizaliwa tarehe 11 Februari, 1915, mjini Chicago. Masomo ya sekondari aliyapata katika shule ya ufundi ya Crane mjini humo, kisha akaendelea katika chuo chenye jina hilo hilo. Nia yake ilikuwa kuwa mhandisi. Lakini miaka ile ya 1930 ilikuwa miaka ya dhiki kubwa ya uchumi. Fedha za karo hazikuwapo, na ufadhili pekee alioupata ulitoka Chuo Kikuu cha Chicago, ambacho hakikuwa na kitivo cha uhandisi. Basi kijana akasoma hisabati, si kwa sababu ndiyo aliyoichagua, bali kwa sababu mlango huo ndio uliofunguka. Alihitimu mwaka 1937.

Kutoka hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Nebraska, akapata shahada ya pili mwaka 1939, na baadaye Chuo Kikuu cha Illinois, alikopata udaktari mwaka 1942. Mwaka huo huo alimwoa Bibi Wanda Little. Alipokuwa mtu mzima Hamming alikuwa akisema kwamba kuukosa uhandisi kulimfaa, kwani kama angeupata pengine angeishia kufanya kazi za kuteremka mashimoni kutengeneza nyaya, asiifikie kazi ya utafiti aliyoipenda.

USIKU WA HESABU NZITO

Mwezi Aprili 1945, vita vikuu vya pili vikiwa bado vinaendelea, Hamming alichukuliwa kwenda Los Alamos, katika jangwa la New Mexico, ambako wanasayansi walikuwa wakitengeneza bomu la atomiki kwa siri. Mkewe alimfuata muda mfupi baadaye, naye akapewa kazi ya kukokotoa hesabu. Hamming mwenyewe aliwekwa kusimamia mashine za kukokotoa za IBM, ili wanafizikia wapate kurudi kwenye fizikia yao. Katika kundi lile la mabingwa alijiona kama mtumishi wa mitambo tu.

Hapo ndipo lilipomfika jambo ambalo hakulisahau. Muda mfupi kabla ya jaribio la kwanza la bomu, lililofanyika tarehe 16 Julai, 1945, mtu mmoja alimletea hesabu akamwomba azihakiki. Hamming alikubali, akidhani atamkabidhi mtu wa chini yake. Alipouliza hesabu hizo zinahusu nini, aliambiwa kuwa zinahusu uwezekano wa bomu kuiwasha hewa yote ya dunia. Papo hapo aliamua kuzihakiki mwenyewe. Kesho yake alitoa jibu: ukokotoaji ulikuwa sawa, lakini kanuni zilizotumika, zilizohusu oksijeni na naitrojeni, hakuwa na njia ya kuzithibitisha. Mwenye hesabu alimjibu kuwa alichotakiwa kukagua ni ukokotoaji tu, si fizikia yake. Hamming alibaki akijiuliza amefanya nini, kutia mkono wake katika jambo linaloweza kuhatarisha kila chenye uhai, na ilhali sehemu kubwa ya jambo lenyewe haijui. Jaribio likafanyika, na hewa haikuwaka.

Tumelieleza jambo hili kwa sababu linatenganisha aina mbili za makosa. Kuna kosa la njiani, pale tarakimu iliyokuwa sahihi inapobadilika ikinakiliwa au ikisafirishwa. Na kuna kosa la chanzo, pale kitu chenyewe kinapokuwa na kasoro tangu mwanzo. Kazi iliyompatia Hamming sifa ilihusu aina ya kwanza.

MWISHO WA JUMA ULIOPOTEA

Mwaka 1946 Hamming aliajiriwa katika maabara za Bell, zilizokuwa mali ya kampuni kubwa ya simu ya Marekani. Huko kwa muda alikaa chumba kimoja cha kazi na Claude Shannon, kijana mwenzake ambaye naye alikuja kuwa mashuhuri. Kompyuta za huko wakati ule zilitumia rilei, yaani swichi ndogo za sumaku zinazofunguka na kufungika kwa umeme. Ziliendeshwa kwa maelfu ya swichi hizo, na iliwezekana kabisa moja ikakwama au ikapata uchafu.

Wahandisi walilijua tatizo hilo, nao walikuwa wameipa mitambo uwezo wa kugundua kosa. Njia mojawapo ilikuwa kuiwakilisha kila tarakimu, kuanzia 0 hadi 9, kwa rilei 5 ambazo kati yake lazima 2 tu ziwe zimewashwa. Mashine ikikuta zimewashwa 1 au 3, inajua kuna hitilafu. Siku za kazi mashine ilisimama na kuita fundi. Lakini mwisho wa juma, mafundi wakiwa nyumbani, iliiacha kazi iliyoharibika ikaendelea na ya mtu mwingine.

Hamming, ambaye hakuwa miongoni mwa wakubwa, alipewa nafasi ya kutumia mashine hiyo mwisho wa juma tu. Mwaka 1947 alifika Jumatatu moja akakuta kazi yake imeachwa. Juma lililofuata akakuta hivyo hivyo. Watu walikuwa wakiyangoja majibu yake, na majuma mawili yalikuwa yamepotea. Alikasirika sana. Lakini wengine wangeishia kumlaumu fundi. Yeye hasira yake ilizaa swali. Ikiwa mashine inaweza kujua kwamba kosa lipo, kwa nini isijue kosa liko wapi? Na katika lugha ya mashine, ambamo kila alama ni 0 au 1, kujua mahali pa kosa ni sawa na kulisahihisha: kama alama iliyoharibika ni 0 basi ilikuwa 1, na kama ni 1 basi ilikuwa 0.

JINSI NJIA YAKE INAVYOFANYA KAZI

Wanafunzi wachukue kalamu na karatasi hapa, kwani hesabu yake haihitaji zaidi ya kujua namba shufwa na namba witiri.

Tuseme tunataka kutuma alama nne: 1, 0, 1, 1. Tunachora nafasi 7 na kuzipa namba, 1 hadi 7. Nafasi ya 1, ya 2 na ya 4 tunawaachia walinzi. Ujumbe wetu tunauweka katika nafasi ya 3, ya 5, ya 6 na ya 7. Mlinzi wa kwanza analinda nafasi ya 1, 3, 5 na 7. Wa pili analinda ya 2, 3, 6 na 7. Wa tatu, aliye nafasi ya 4, analinda ya 4, 5, 6 na 7. Kila mlinzi anachagua kuwa 0 au 1 ili jumla ya kundi lake iwe shufwa. Ukizifanya hesabu hizo utapata 0, 1, 1, 0, 0, 1, 1. Hizo ndizo zinazotumwa.

Sasa njiani nafasi ya 6 inaharibika. Mpokeaji anapata 0, 1, 1, 0, 0, 0, 1. Anajumlisha kundi la mlinzi wa kwanza: anapata 2, ni shufwa, hakuna tatizo. La pili: anapata 3, ni witiri. La tatu: anapata 1, ni witiri. Walinzi waliolalamika ni yule wa nafasi ya 2 na yule wa nafasi ya 4. Jumlisha 2 na 4, unapata 6. Kosa liko nafasi ya 6. Mpokeaji anaigeuza 0 iwe 1, na ujumbe umerudi kama ulivyotumwa. Jaribuni kuharibu nafasi nyingine yoyote, hata ya mlinzi mwenyewe, na jumla ya walinzi wanaolalamika itawaonyesha mahali pake.

Siri ya jambo hili ni umbali. Alama 7 zinaweza kupangwa kwa namna 128, lakini Hamming anaruhusu namna 16 tu ziwe ujumbe halali, na kila moja inatofautiana na mwenzake kwa nafasi zisizopungua 3. Wahitimu wanaokumbuka mabalozi wa nyumba kumi kumi wataelewa upesi. Hapa kila balozi ana nyumba nane: yake mwenyewe na majirani saba wanaotofautiana naye kwa nafasi moja tu. Mabalozi 16 mara nyumba 8 ni 128 kamili. Hakuna nyumba isiyo na balozi, wala yenye mabalozi wawili. Ujumbe ukiteleza hatua moja unaangukia nyumba ya jirani, na jirani anajua wa kumrudishia. Umbali huo hadi leo unaitwa umbali wa Hamming.

Bila shaka ulinzi huu una gharama. Katika mfano wetu tumetuma alama 7 ili kufikisha 4. Lakini kadiri ujumbe unavyorefushwa gharama hupungua: kwa alama 127, walinzi 7 wanatosha kuzilinda 120.

KUCHAPISHWA, NA WENZAKE WA WAKATI ULE

Maabara za Bell zilitaka kwanza kupata hataza ya uvumbuzi huo, hivyo makala ya Hamming ilichelewa hadi Aprili 1950 ilipochapishwa katika jarida la kampuni. Kabla ya hapo, mwaka 1949, Marcel Golay, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi katika maabara za kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani, alichapisha ukurasa mmoja tu wenye misimbo ya jamii hiyo hiyo na mingine yenye nguvu zaidi. Naye Shannon, katika makala yake kubwa ya mwaka 1948, alikuwa tayari ametoa mfano wa msimbo wa alama 7 akimtaja Hamming.

Makala hiyo ya Shannon ilithibitisha jambo ambalo wengi hawakulitegemea. Kabla yake ilidhaniwa kwamba kelele zikiwa nyingi njiani, dawa ni kuongeza nguvu ya mtambo au kurudia rudia ujumbe, na kwamba uhakika zaidi lazima ulipiwe kwa mwendo wa polepole zaidi bila kikomo. Shannon alionyesha kuwa kila njia ya mawasiliano ina kiwango chake, na kwamba mtu asipovuka kiwango hicho anaweza kupunguza makosa kadiri apendavyo, mradi apate msimbo unaofaa. Lakini hakusema msimbo huo ni upi. Shannon alionyesha kuwa ng'ambo ya mto inafikika. Hamming na Golay wakaweka mawe ya kwanza ya daraja.

KUTOKA KWENYE RILEI HADI HEWANI

Hamming alianza na mashine iliyokuwa chumbani, lakini mahali palipohitaji sana mawazo hayo ni hewani. Wale miongoni mwetu waliowahi kutumia redio ya mawasiliano wanajua adha yake. Radi inapiga, kituo kingine kinaingilia, mawimbi yanafifia, na msemaji analazimika kuambiwa arudie. Kurudia ni dawa, lakini ni dawa inayokula muda. Tena kuna mahali ambapo haifai kabisa. Ishara ya redio kutoka sayari ya Mars huchukua kati ya dakika 3 na 22 hivi kufika duniani, kutegemea umbali wa siku hiyo. Kuomba irudiwe ni kungoja safari mbili.

Mwaka 1965 chombo cha Marekani, Mariner 4, kilipopita karibu na Mars, kilileta picha 21 kamili na sehemu ya nyingine, kwa mwendo wa alama 8 hivi kwa sekunde. Chombo cha Mariner 9, kilichoanza kuizunguka sayari hiyo Novemba 1971, kilikuwa na msimbo wa kusahihisha makosa. Kila nukta ya picha ilipimwa kwa alama 6, na alama hizo 6 zikatumwa kama 32, zilizopangwa hivi kwamba hata 7 zikiharibika mpokeaji bado aliijua nukta ya asili. Chombo hicho kilileta picha zaidi ya 7,000, na kwa mara ya kwanza watu wakaiona karibu Mars yote, milima yake ya volkeno na mabonde yake.

Hata hivyo njia ya Hamming kama tulivyoieleza ina udhaifu, naye aliujua. Inasahihisha kosa moja tu. Yakitokea mawili katika kundi moja, itasahihisha mahali pasipo na kosa. Makala yake ya 1950 yenyewe ilieleza kwamba mlinzi mmoja zaidi akiongezwa, makosa mawili yatagunduliwa, ingawa hayatasahihishwa. Lakini radi haiharibu alama moja moja. Inafyeka nyingi zinazofuatana.

Dawa mojawapo ya mafyeko hayo ni rahisi hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza ataielewa. Andika makundi saba ya alama saba saba, mstari chini ya mstari. Kisha usitume mstari kwa mstari, tuma safu wima kwa safu wima. Radi ikifyeka alama saba zinazofuatana, mpokeaji akizirudisha katika mistari yake atakuta kila mstari umepoteza moja tu, na moja ndiyo ambayo walinzi wanaimudu. Dawa nyingine, yenye nguvu zaidi, ilitolewa mwaka 1960 na Irving Reed na Gustave Solomon, ambao msimbo wao hushughulikia alama kwa mafungu. Chombo cha Voyager 2 kiliutumia kilipopita Uranus mwaka 1986 na Neptune mwaka 1989.

Nasi majumbani tumeuona mabadiliko huo. Enzi za televisheni ya analojia, mvua ikinyesha au antena ikigeuka, picha ilijaa chenga, nasi tukaendelea kutazama hivyo hivyo. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia mwishoni mwa mwaka 2012, chenga zimetoweka. Picha ya dijitali huwa safi, na ghafla hukwama au hukatika. Sababu ni misimbo hii: makosa yakiwa ndani ya uwezo wake inayasahihisha yote, mtazamaji asijue kama yalikuwapo, yakizidi uwezo huo, picha inavunjika mara moja.

MWALIMU NA MUULIZAJI

Hamming alikaa Bell kwa miaka 30. Mwaka 1968 alipewa Tuzo ya Turing, iliyo kubwa kuliko zote katika fani ya kompyuta, akiwa mtu wa tatu kuipata. Mapema kabisa alitabiri kwa wakubwa wake kwamba wakati ambapo jaribio 1 kati ya 10 lilifanywa kwa kompyuta utapita, na yatakuwa 9 kati ya 10.

Wenzake walimkumbuka pia kwa maswali yake. Alikuwa akila chakula cha mchana mezani pa wanakemia, akawauliza matatizo muhimu ya fani yao ni yapi. Baada ya siku kadhaa akawauliza wao wenyewe wanashughulikia lipi kati ya hayo. Kisha akawauliza, kama wanachofanya si muhimu, kwa nini wanakifanya? Haikushangaza kwamba hawakumkaribisha tena, ikabidi atafute meza nyingine. Lakini mmoja wao alimwambia baadaye kwamba swali lile lilimkaa kichwani miezi mizima, na likamfaa. Yeye mwenyewe hakujisamehe kwa swali hilo: kila Ijumaa kuanzia mchana alijiwekea desturi ya kuweka kando kazi ndogo ndogo na kufikiri juu ya mambo makubwa tu.

Mwaka 1976 aliondoka Bell akaenda kufundisha katika chuo cha jeshi la wanamaji mjini Monterey, California. Aliwafundisha maafisa vijana kwa zaidi ya miaka 20, na aliacha kuingia darasani Desemba 1997. Wiki chache baadaye, tarehe 7 Januari, 1998, alifariki dunia kwa ugonjwa wa moyo akiwa na umri wa miaka 82. Nishani yenye jina lake hutolewa hadi leo na chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, na wa kwanza kuipokea, mwaka 1988, alikuwa yeye mwenyewe.

MAFUNZO KWETU

Wazee walisema kuteleza si kuanguka. Hamming aliugeuza usemi wa namna hiyo kuwa hesabu. Hakujaribu kuunda mashine isiyokosea wala hewa isiyo na radi, kwani alijua havipo. Alikubali kwamba makosa yatatokea, akapanga kabla ya safari namna ya kuyarudisha. Mwenye kuweka walinzi mapema hana haja ya kupiga kelele baadaye.

Lakini wanafunzi wasisahau hesabu ile ya Los Alamos. Msimbo wa Hamming utaulinda ujumbe wako na radi, na kutu, na mawimbi ya jirani. Utaufikisha kama ulivyouandika. Ukiuandika uongo, utafika uongo ule ule, haukupungua hata alama moja. Ukweli wa ujumbe unabaki kuwa mzigo wa mwenye kuutuma, na kwa mzigo huo hakuna mlinzi mwingine ila yeye mwenyewe.